Kabla Hujamnunulia Mtoto Zawadi

 Leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunaliona dogo, tena la kumalizia njiani tunaporudi kutoka kazini: zawadi ya mtoto mdogo. Nasema mtoto mdogo nikiwa na maana ya mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano, yule anayekwenda chekechea au anayekaribia kwenda. Nimelichagua jambo hili kwa sababu mimi mwenyewe nimelikosea, na kosa langu nusura lituingize msibani.

Mdogo wangu anaishi Mbagala. Mwanawe wa kwanza alipotimiza miaka minne, tulialikwa kwa pilau na keki. Mimi ndimi Baba Mkubwa, na Baba Mkubwa, kama ujuavyo, haendi mikono mitupu. Jioni nikashuka Kariakoo, nikaingia katika duka moja la vitu vya watoto, nikaanza kutazama maboksi. Sikutazama vilivyomo ndani, nilitazama maboksi. Nikachagua boksi kubwa kuliko yote ambalo mfuko wangu uliweza kulimudu.

Lilikuwa gari la polisi linaloendeshwa kwa rimoti. Lilikuwa na taa nyekundu na buluu, king'ora, na sauti ya mtu anayetoa amri kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeielewa. Lilipowashwa likazunguka sebule nzima, likagonga mguu wa meza, likageuka lenyewe. Watu wazima tukapiga makofi. Mdogo wangu akaomba rimoti, mimi nikaomba, jirani naye akasema, "Hebu na mimi." Mwenye zawadi alikaa kwenye mkeka, mikono mapajani, akitutazama.

Baada ya robo saa akainuka, akalichukua lile boksi tupu, akaingia ndani yake. Boksi likawa daladala. Akamkalisha mbele mdogo wake wa mwaka mmoja na ushei awe dereva, akapanga ndala nyuma ziwe abiria, akapiga ubavu wa boksi kwa kiganja na kuita, "Rangi Tatu, Rangi Tatu! Wahi siti!" Akadai nauli, akarudisha chenji, akagombana na ndala moja iliyokataa kusogea nyuma. Alicheza vile mpaka tukaaga. Sote tulicheka. Mimi pia nilicheka, lakini sikujifunza kitu.

Siku ya tatu yake, usiku, simu ikalia. Shemeji yangu alikuwa akilia. Kifuniko cha ile rimoti kilikutwa wazi, na betri haikuwamo. Ilikuwa betri ndogo bapa, ya duara, inayong'aa kama sarafu. Na yule mdogo, dereva wa daladala, alikuwa anadondosha mate tangu jioni na amekataa uji. Nikawakuta hospitali. Mtoto akapigwa picha ya eksirei, na sisi tukasubiri kwenye benchi bila kutazamana usoni. Nilijua gari lile nani alilileta.

Daktari akatoka akasema picha ni safi, mate yale ni ya meno yanayoota. Asubuhi betri ilionekana. Ilikuwa ndani ya kopo la maziwa, pamoja na vizibo viwili vya soda. Nilipoishika, mwenye daladala akanikemea, "Baba Mkubwa, hiyo ni nauli!"

Msikilizaji, safari ile tulisalimika. Si kila nyumba husalimika, na sababu yake inafaa ijulikane na kila anayenunua vitu vya watoto. Betri ya namna ile ikikwama katika umio, yaani njia ya chakula, haidhuru kwa kuziba peke yake. Unyevu wa mwili huunganisha pande zake mbili, umeme mdogo hupita, na mahali pale hutengenezwa alikali kali inayounguza nyama. Muda wa saa mbili watosha kuleta jeraha baya. Jeraha hilo huweza kuendelea kuchimba hata baada ya betri kutolewa, likafika katika koo la hewa au mshipa mkubwa wa damu. Zile za lithiamu zenye upana wa milimita 20 na nguvu ya volti 3 ndizo mbaya zaidi kwa watoto, maana ni pana kiasi cha kukwama. Hata betri iliyochoka, isiyoweza tena kuwasha taa, bado ina nguvu ya kuunguza.

Kwa hiyo ukishuku tu kwamba mtoto amemeza betri, usisubiri dalili. Usimtapishe. Mkimbize hospitali kubwa yenye eksirei, na ulitamke neno betri mlangoni. Wataalamu wa sumu wa Marekani wanashauri kwamba kama mtoto amevuka mwaka mmoja, anaweza kumeza, na betri ameimeza katika saa 12 zilizopita, apewe vijiko viwili vya chai vya asali kila baada ya dakika 10, visizidi mara sita, wakati mkiwa njiani. Asali hupunguza ukali wa ile alikali. Lakini nasisitiza, wakati mkiwa njiani. Kama asali haimo ndani, usiende dukani kuitafuta. Huko huko Marekani, mwaka 2022 ilitungwa sheria inayotaka vitu vya nyumbani vyenye betri hizi viwe na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua, na sheria hiyo ilipewa jina la mtoto mdogo aliyekufa kwa betri ya rimoti. Nasi hatuna haja ya kungoja hadi hapo. Ukiwa dukani geuza kitu, tazama mahali pa betri. Kama hapana skrubu, kirudishe rafuni.

Baada ya usiku ule nilijiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza tangu Kariakoo. Swali si "Kitu hiki kitamfurahisha?" Karibu kila kinachong'aa humfurahisha mtoto kwa dakika tano. Swali ni hili: kitu hiki kikifika nyumbani, nani atakayecheza, mtoto au kitu chenyewe? Gari langu la polisi lilijiwasha, likajiendesha, likalia, likasema. Kazi ya kucheza lilikuwa limeimaliza lenyewe. Kwa mtoto ilibaki kazi moja tu, kutazama. Boksi halikufanya lolote, na kwa sababu hiyo mtoto alifanya kila kitu.

Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano yumo katika umri wa kuigiza. Kijiti kwake ni kijiko, ni sindano ya daktari, ni kipaza sauti. Anapodai nauli anajifunza kuhesabu. Anapogombana na abiria anajifunza maneno, na anapompanga mdogo wake awe dereva anajifunza kuishi na watu. Vidole vyake navyo vinatafuta nguvu ya kushika kalamu, na miguu yake inataka kukimbia. Zawadi njema ni ile inayoipa kazi mojawapo ya hizo.

Fikra hii si mpya. Mjerumani Friedrich Froebel alifungua mwaka 1837, katika mji mdogo wa Blankenburg, mahali pa kulelea watoto ambapo baadaye alipaita bustani ya watoto. Kutokana na jina hilo la Kijerumani, shule za watoto wadogo katika nchi nyingi zinaitwa Kindergarten hadi leo. Froebel alitengeneza vitu vya kuchezea, na vitu hivyo hakuviita vifaa wala masomo. Aliviita zawadi. Zawadi ya kwanza ilikuwa mipira sita laini ya nyuzi za sufu, kila mmoja na rangi yake. Ya pili ilikuwa maumbo ya mbao, yakiwamo tufe na mchemraba. Ya tatu ilikuwa mchemraba uliokatwa vipande vinane vilivyo sawa, ili mtoto auvunje na kuujenga upya, uwe kiti, ngazi au nyumba. Hakuna kilicholia wala kuwaka taa. Mmoja wa watoto waliokua na vipande hivyo, alivyoletewa na mama yake, alikuwa Frank Lloyd Wright, aliyekuja kuwa msanifu majengo mkubwa wa Marekani. Hata uzeeni aliendelea kusimulia jinsi vilivyomfundisha maumbo.

Lakini hatuna haja ya kwenda Ujerumani. Sisi tuliokulia mitaa ya uswahilini tulikuwa na gari la waya, gari la mabua, mpira wa makaratasi na mifuko uliofungwa kamba, tiara ya gazeti na vijiti vya ufagio, na mwanasesere wa matambara. Tulijipikilisha mchanga kwenye vifuu. Simaanishi kwamba umaskini ni mwalimu bora, la hasha. Ninachosema ni kwamba vitu vile vilikuwa na sifa moja: bila mtoto havikufanya chochote.

Mwezi uliofuata nilikwenda Keko, kwa mafundi seremala. Nikamwomba fundi mmoja anikatie vipande 40 kutoka katika masalio ya mbao. Vingi viwe na urefu wa sentimita 10, upana wa 5 na unene wa 2 na nusu, yaani kama tofali dogo. Vingine viwe nusu ya hapo, na vichache viwe na urefu maradufu. Fundi akanitazama.

"Bosi, hivi si kuni?"

"Fundi, ni zawadi ya mtoto."

Akacheka, akakata. Nikamwomba asipake rangi wala vanishi, ila apige msasa pembe zote mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Kuhusu rangi nilikuwa na sababu. Rangi nyingine za mbao na vyuma huwa na madini ya risasi. Mtoto hutia vitu mdomoni, na risasi ikiingia mwilini huathiri ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mbao tupu ina uzuri wake.

Vipande vile, pamoja na mfuko wa kaniki alioushona shemeji, havikufika nusu ya bei ya gari la polisi. Siku ya kwanza vilikuwa ukuta. Siku ya pili vilikuwa kituo cha mabasi. Wiki kadhaa baadaye mtoto aligundua, bila kuambiwa na mtu, kwamba vifupi viwili vikiunganishwa vinalingana na kirefu kimoja. Hiyo ni hesabu ya nusu, msikilizaji, imeingia kwa mkono kabla ya kuingia kwa ubao.

Basi, kwa wewe unayetaka kununua mwaka huu, iwe ni kwa ajili ya Idi, Krismasi au siku ya kuzaliwa, napendekeza yafuatayo.

Kwanza, vitu vya kujengea, kama hivyo vya seremala. Pili, mpira, mkubwa kiasi cha kukumbatiwa kwa mikono miwili, na laini ili usimvunjie jirani dirisha. Tatu, vitu vya kuigizia. Sufuria ndogo na mwiko, kipande cha kanga, kofia, mkoba wa zamani, mdoli wa kitambaa. Hapa naomba tuache ile desturi ya mvulana gari na msichana mdoli. Mvulana atakayembeba mdoli mgongoni leo huenda kesho akambeba mwanawe bila kuona haya, na msichana naye ana haki ya kuwa dereva. Nne, vitu vya kuchorea: chaki nene na ubao mdogo, au penseli za rangi na karatasi zilizotumika upande mmoja, ambazo kila ofisi inazo.

Tano, kitabu. Wengi husema hajui kusoma, kitabu cha nini? Ndiyo maana unahitajika wewe. Kitabu cha picha kwa mtoto wa miaka minne ni kitu cha kuketi pamoja, asome mkubwa, aonyeshe mdogo. Vitabu vya watoto vya Kiswahili vipo. Mwaka 1991 ulianzishwa hapa nchini Mradi wa Vitabu vya Watoto, na mwaka huo huo ikaanza kampuni ya uchapishaji ya Mkuki na Nyota, ambayo nayo imechapisha vitabu vya watoto. Usishangae mtoto akitaka kitabu kile kile usiku saba mfululizo. Anapokijua kwa moyo ndipo anapoanza kujiona msomaji.

Sita, na hii haifungwi kwa karatasi, ni siku moja ya wakati wako. Mpandishe kivuko pale Magogoni mwende Kigamboni na kurudi. Mpeleke Kijiji cha Makumbusho akaone nyumba za makabila mbalimbali. Wiki nzima nyumba yenu itakuwa kivuko.

Huenda utaniuliza, na simu je, au kompyuta ya kubofya kwa kidole? Mbona ina michezo ya herufi na namba? Michezo mingine ni mizuri, sikatai. Hata hivyo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka mitatu au minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikiwa chini ya hapo ni bora zaidi. Mwongozo huo unataka pia mtoto huyo auchangamshe mwili wake kwa dakika 180 kila siku na alale saa 10 hadi 13. Ukimpa simu iwe yake, umempa kitu cha kumnyang'anya kila jioni. Zawadi ya kugombana si zawadi.

Sasa, kabla ya kulipa pesa, kumbuka kwamba zawadi haifiki kwa mtoto mmoja. Inaingia katika nyumba. Kinachomfaa mwenye miaka minne huokotwa na mdogo wake anayetambaa, na huyo kila kitu hukitia mdomoni. Kipimo chake ni rahisi: chukua lile bomba la karatasi linalobaki katikati ya karatasi za chooni. Kitu chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Gololi, vizibo, shanga, magurudumu yanayong'oka na macho ya midoli yaliyogundishwa, vyote vinapita. Aidha kuna alama ya kutazama kwenye boksi, hata kama maandishi ni ya lugha usiyoijua: duara lenye uso wa mtoto na tarakimu 0-3, limekatwa kwa mstari. Maana yake ni kwamba kitu hicho hakimfai aliye chini ya miaka mitatu.

Viepuke pia vidude vya sumaku kali. Mtoto akimeza viwili, huvutana ndani ya tumbo kila kimoja kikiwa katika sehemu yake ya utumbo, na hutoboa utumbo. Na maputo, ambayo hayakosekani katika sherehe zetu, ni ya mkubwa kupuliza na mkubwa kuokota. Kipande cha puto lililopasuka hunata katika koo na kuziba pumzi.

La mwisho ni la adabu. Mpigie simu mama au baba wa mtoto kabla hujanunua. Wengine huona kwamba kuuliza kunaharibu heshima ya zawadi. Mimi sikuuliza. Laiti ningeuliza, shemeji angeniambia kwamba mtoto hana mpira, na kwamba ndani mna mtoto mwingine anayekula kila anachokiona. Nilichokuwa nikikilinda si furaha ya mtoto, bali sura yangu mbele ya wageni. Nilitaka boksi langu lionekane. Nadhani sipo peke yangu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mtoto naye yuko kwao, na kucheza ndiyo kazi yake. Tumtunze kwa kumpa kitu cha kuchezea, tusimpe kitu kinachocheza badala yake.

Gari la polisi bado lipo, juu ya kabati, bila betri. Juma lililopita nilipokwenda Mbagala nililiona limeshushwa. Taa hazikuwaka, king'ora kimekufa, na mtoto alikuwa akilisukuma kwa mkono kati ya matofali ya Keko, akilia mwenyewe kwa mdomo, "Wiii, wiii!" Kwa mara ya kwanza tangu nilinunue, lilikuwa linachezewa.